Steshenari ya kwa Mama wa kopi, Lushoto: miaka 6 naandikia pale, haya ndo maoni yangu

Nimesoma maoni mengi ya watu waliopanda Lushoto kutembea wakarudi zao, wengi wanasifia baridi, wanasifia msitu wa Magamba, wanasifia Irente, na wako sahihi kabisa, mtu ukisimama pale kwenye mawe ya Irente ukaiona Mazinde na tambarare yote iko chini yako huko kama mita 1,000 hivi lazima ukasimulie. Ila sijaona hata mmoja aliyeandika kuhusu steshenari ya kule kwetu, na mi nimezaliwa huku, naishi huku, na kula yangu inatokana na kuandika, kwa hiyo nimeona hili ni deni na leo nalilipa.

Duka lenyewe liko njia ya kutoka stendi kwenda sokoni, nje kuna benchi refu la mbao na mlango umepakwa bluu, kibao kimeandikwa kopi, printi, skani, picha za pasipoti basi, jina hakuna. We uliza tu kwa Mama wa kopi, hata bodaboda aliyehamia jana atakufikisha.

Nianze na bei maana najua ndo mnachokitaka kwanza. Kopi moja 100, zikizidi kurasa 50 anakushushia. Kuprinti nyeusi 300, ya rangi 1,000. Kuskani na kutuma kwenye imeili 500. Spairo 3,000 kwa kitabu cha kawaida, kikiwa kinene 4,000. Kukaa kwenye kompyuta yake yenye intaneti ni buku kwa saa, na ukija na laptopu yako unalipa jero tu, unachomeka kwenye soketi, unatumia waifai mpaka ukasirike na uvivu wake mwenyewe. Kwa mji wetu hizo ni bei za kawaida, wenzake wa pale karibu na stendi wanatoza hivyo hivyo au pungufu kidogo, kwa hiyo mtu asije akafikiri nampeleka kwenye bei ya kutupwa. Kinachonifanya nipite maduka mawili nikaenda la tatu ni vitu vingine, na cha kwanza ni karatasi.

Watu wa Dar hili mtalichukulia poa. Huku kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 ukungu unaingia mpaka chumbani, nguo inakaa kambani siku 3 na bado ukiishika ina ubaridi, na karatasi ni kama nguo, inanyonya unyevu. Ukiacha rimu wazi usiku mmoja asubuhi unakuta kingo zimejikunja, ukiziweka kwenye mashine zinaingia mbili mbili, zinakwama, wino unashika nusu ukurasa nusu unafutika ukiugusa. Mama ana sanduku la mbao, yale ya zamani ya kuwekea nguo za arusi, ndani amefunga balbu ile ya njano ya wati 40, rimu zote zinalala humo na taa inawaka usiku kucha. Asubuhi anatoa rimu moja, anaishika kwa mikono miwili, anazipepeta karatasi kwa kidole gumba huku ameweka sikio karibu. Anazisikiliza kabisa. Karatasi kavu inalia kwa sauti kali, yenye unyevu sauti yake inakuwa nzito kama imefunikwa na kitambaa. Isipolia anavyotaka anairudisha sandukuni anatoa nyingine, na hata kama foleni imefika barabarani hana haraka na hilo. Miaka 6 nimeprinti pale kurasa ambazo hazihesabiki na kukwama kwa mashine nimekuona mara chache mno, tena mara nyingi ni mteja aliyekuja na karatasi zake mwenyewe kwenye mfuko wa rambo.

Masika pia ana akili yake. Mnaojua ile barabara ya kutoka Mombo kupanda kupitia Soni mnaijua, kona juu ya kona, upande mmoja mlima upande mmoja korongo, mvua zikikolea udongo unashuka unaziba njia, magari yanalala. Yeye mwezi wa 2 unapoisha ameshajaza tona na rimu za kumfikisha mwezi wa 5. Kuna mwaka njia ilifungwa siku kadhaa, mjini hamna gazeti, hamna hata peni za maana, kwa Mama kazi inaendelea kama kawaida.

Sasa nieleze mimi naingiaje hapo. Nilirudi nyumbani 2019 baada ya kumaliza chuo Dar, nina laptopu ambayo betri imekufa, yaani bila soketi haiwaki, na kichwani nina wazo moja, niandike. Mzee wangu alinielewa nusu. Akanipa kipande cha shamba nilime karoti wakati nasubiri ajira, na nikalima kweli, asubuhi shambani, mchana naoga natembea kushuka mjini kwenda kutafuta soketi. Siku ya kwanza nimefika pale nikamsalimia, shikamoo mama, akaniitikia marahaba mwanangu, akanitazama kidogo akaniuliza we si wa yule mzee wa karoti kule juu, nikamwambia ndiyo, akasema unajua kuchapa? Kumbe kijana wake wa kuchapa kaumwa na ndani kuna mwalimu amekaa na risala yake ya mahafali ya darasa la saba, mkononi, kalamu ya bluu, kurasa 4, mahafali yenyewe kesho.

Nikakaa nikaanza kuchapa. Ile risala ilikuwa kama risala zote mnazozijua, Ndugu mgeni rasmi, historia ya shule, idadi ya wanafunzi, halafu changamoto moja mpaka kumi na nne. Lakini kwenye changamoto ya tisa mwalimu alikuwa ameandika kwamba mvua ikinyesha watoto wa darasa la pili wanahamia kwenye veranda wanasoma wamesimama, kwa sababu paa la darasa lao linavuja kwenye madawati yote isipokuwa mawili. Nikamuuliza mwalimu, samahani mwalimu, hao wawili wanaokaa kwenye madawati makavu wanachaguliwaje? Akaniambia wanapokezana, kila mtoto ana siku yake, na wanazijua wenyewe, hakuna anayegombana. Nikamwomba tuanzie hapo. Akasita kidogo, akasema haya andika nione. Nikaandika, ile habari ya watoto kupokezana madawati ikawa juu kabisa baada ya salamu, changamoto zingine nikazifupisha zikabaki tatu. Akaisoma mara mbili akalipa 2,000 ya Mama na 5,000 yangu.

Hiyo ndo hela yangu ya kwanza ya uandishi, noti moja ya 5,000, na nilimpelekea mama yangu mzazi ile ile bila kuichenji. Wiki iliyofuata mwalimu akarudi mwenyewe kunitafuta, akasema mgeni rasmi alimwomba arudie ule mwanzo, akaahidi bati palepale, na bati zilifika kabla ya vuli, nimeziona kwa macho yangu maana shule yenyewe napita pembeni yake nikienda shambani.

Toka hapo Mama akawa wakala wangu bila mkataba wowote. Mtu akija na risala, barua ya kuomba kazi, hotuba ya arusi, wasifu wa marehemu wa kusomwa msibani, anamwambia kuchapa tutakuchapia, ila kama unataka iandikwe vizuri msubiri yule kijana anakuja saa 8. Hajawahi kuchukua hata shilingi kwenye hela yangu. Nilishamuuliza mara mbili, mara ya pili alinijibu kwamba mteja wako akiridhika anarudi kutoa kopi kwangu, we fanya kazi. Kuna miezi mwaka 2020 bila hizo risala na barua nisingekuwa na hela ya bando.

Mafanikio ya gazetini yalikuja baadaye kidogo na hayo pia yalipitia kwenye lile benchi. Niliandika makala kuhusu lile ua letu dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli huku milimani, lile ambalo Ulaya na Marekani watu wanaliweka madirishani kwenye vyungu. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao Ujerumani, na wataalamu wakalipa jina la Saintpaulia kutokana na jina lake. Mi nilichotaka kuandika ni bibi zetu, waliokuwa wanapita pembeni ya ua hilo kila siku na kuni kichwani miaka mingi kabla huyo bwana hajazaliwa, na hawakuwahi kuulizwa kitu. Nikakaa pale nje ya duka siku 3, kila bibi anayekuja kutoa kopi ya kitambulisho namsalimia namwonyesha picha kwenye simu namuuliza. Mmoja alicheka akasema hilo tulikuwa tunawachumia mbuzi, hawalitaki. Hiyo sentensi ndo iliyobeba makala yote.

Gazeti lilipoitoa lilifika mjini mchana na basi kama kawaida, mi niko shambani sijui lolote. Mama akanunua nakala mbili kwa hela yake, moja akanitunzia, nyingine akaikata kwa mkasi wa kukatia picha za pasipoti, akaipitisha kwenye laminesheni, akaibandika kwenye kioo cha kaunta kwa ndani, imeangalia wateja. Nilivyofika saa 8 nikakuta watu watatu wameinama wanaisoma na mmoja wao ananyooshea kidole lile jina chini ya kichwa cha habari anasema huyu si wa kule juu? Mpaka leo ipo, karatasi imekuwa ya njano, pembe moja hewa imeingia, na nikipita lazima nitupie jicho. Malipo yake yalikuwa 30,000. Kuna gazeti jingine, hili silitaji, lilitoa makala zangu mbili mwaka uliofuata na mpaka leo hawajanilipa, nimepiga simu mpaka nikachoka, ila hayo ni yao na Mungu wao.

Lakini kazi iliyonifanya niache kuwaza kurudi Dar ni tafsiri. 2022 nilipata kazi ya kutafsiri kijitabu cha wakulima wadogo wa viazi, kurasa 62, toka Kiingereza kwenda Kiswahili, muda siku 12, hela ya hiyo kazi moja ilizidi nilichopata kwenye karoti mwaka mzima. Ukishuka sokoni kwetu asubuhi unakuta mafuso yanapakia kabichi, karoti, viazi, matunda ya plamsi na peasi msimu wake, kwenda Kariakoo, yaani kitabu kile kilikuwa kinawahusu watu ninaowaona kila siku. Nilikuwa na kamusi, na kamusi ikanipa neno bakajani kwa ule ugonjwa unaobabua majani ya viazi kipindi cha baridi na mvua. Nikatoka nje kwenye benchi nikawauliza wakulima wanne waliokuwa wanasubiri kopi za fomu za pembejeo, nyie huu ugonjwa mnauitaje? Wote wanne, kwa mara moja, ukungu. Nikawauliza na ukungu huu wa hewani je? Mmoja akanijibu kwa upole kabisa, kijana, wa hewani ndio unaoleta wa shambani, ndo maana jina moja.

Nikarudi ndani nikaandika bakajani ambao wakulima wanauita ukungu, na maelezo ya kwa nini, na waliotoa kazi walinipigia simu kunishukuru kwa mstari huo hasa. Mimi nauliza, hilo neno ningelipata wapi nikiwa nimepanga chumba Kimara nasikiliza foleni? Pale kwa Mama kila siku wanakuja mabwana shamba, mafundi, masheikh na wachungaji wenye ratiba za ibada, watoto wa shule, wazee wa mabaraza wenye makaratasi ya mirathi na migogoro ya mipaka, wote wanaongea Kiswahili chao na Kisambaa chao, na wote wanasubiri. Mwandishi anahitaji umeme, intaneti na watu wanaosubiri, na vyote viko ndani ya hatua 10.

Siku ya mwisho ya ile kazi ya viazi umeme ulikata saa 10 jioni, mi nimebakiza kurasa 5 na laptopu yangu haina betri, mnakumbuka. Nilitetemeka mikono, sitaki kusema uongo. Mama akafunga mlango wa mbele, akavuta jenereta lake dogo nyuma ya duka, lile la kuvuta kamba, akaniambia petroli ipo, maliza. Alikaa na mimi mpaka saa 1 na nusu usiku, anapanga risiti zake, hajanisemesha hata neno. Nikatuma. Nikamwambia mama nikulipe shilingi ngapi ya petroli, akasema lipa jero ya soketi kama siku zote.

Haya nimesifia sana, sasa mapungufu, maana yapo na nisipoyasema mtakuja mlalamike.

La kwanza, kioo cha mashine kubwa ya kopi kina mchubuko upande wa kushoto, kila kopi inatoka na kamstari keusi kembamba pembeni kuanzia juu mpaka chini. Kwa fomu na risala haina shida ila ukitoa kopi za vyeti vya kupeleka ofisi zinazochagua, mwambie atumie ile mashine ndogo, atakubali ila ni ya pole pole.

La pili na hili ni kubwa, kompyuta ya wateja. Mafaili ya watu yanabaki pale juu, vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, barua za kazi, mtu yeyote anayekaa anaviona. Nimemwambia mara nyingi, siku hizi anafuta kila jumamosi lakini wiki ni ndefu, we mwenyewe ukimaliza futa faili lako, futa na kwenye kapu la taka, toka kwenye imeili yako. Na flashi, tafadhali sana, usichomeke flashi yenye kazi ambayo huna nakala yake. Mwaka 2021 nilichomeka yangu, nikaitoa na virusi, mafolda yote yakageuka shotikati, hadithi fupi mbili nilizokuwa sijazihifadhi kwingine zikapotea moja kwa moja. Kosa langu na kosa lao nusu kwa nusu, siku hizi ameweka antivirusi ila mi natuma kila kitu kwa imeili.

La tatu ni foleni. Anayekuja na maneno ya chap chap mama, basi linaondoka, anapitishwa mbele, na kila mtu ana basi linaloondoka. Na kuna vipindi usiende kabisa kama kazi yako ni ndefu, dirisha la mikopo ya bodi likifunguliwa, ajira zikitangazwa, na pale vijana wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama wanapokusanya ripoti zao za fildi, hapo duka linajaa mpaka nje na wote wanataka spairo leo leo. Viti ndani ni viwili tu. Ijumaa anafunga saa 6 na robo mpaka saa 8 kwa ajili ya swala, hilo si kosa nawaambia tu msije mkagonga mlango.

La nne, picha za pasipoti, kiukweli zinatoka nyeusi, taa yake ya ndani haitoshi. Nenda studio.

Kuna watu wa umri wangu tuliosoma wote ambao tukionana sikukuu wananiuliza we utashuka lini, yaani kushuka Dar, kana kwamba huku juu nimekwama. Wananiuliza kwa nia njema na nawajibu kwa nia njema. Mkoa wetu huu wa Tanga ndo umemtoa Shaaban Robert, amezaliwa 1909 Vibambani karibu na Machui, kafanya kazi ya ukarani wa forodha Pangani, kafanya ofisi ya wilaya Tanga, kaandika mashairi na insha zake huku anaamka asubuhi kwenda kazini kama karani mwingine yeyote. Hakuhitaji jiji lolote ili Kiswahili kimsikie. Mi sijifananishi na yule mzee hata kwa mbali, ila nikiikumbuka Pangani ya miaka ile, bila simu, bila intaneti, na mi hapa nina waifai ya jero, naona sina cha kulalamikia kuhusu mahali nilipo. Halafu tuseme ukweli, Lushoto kumekucha. Asubuhi jua likiibuka ukungu unapasuka unaanza kushuka bondeni kuelekea Soni, mabati ya sokoni yanang'aa kwa umande, mama ntilie anafunua sufuria la makande, we umeshika chai yako ya rangi yenye tangawizi na una kazi ya kuandika mpaka jioni. Nani anahama hapo?

Hilo la kujivunia kwao Mama analo kuliko hata mimi, ila yeye halisemi, anabandika. Toka Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze 2022, kila tangazo lake likitoka analiprinti kwa tona yake, analibandika mlangoni pale kwenye bluu, washindi huwa wanatangazwa tarehe 13 Aprili siku aliyozaliwa Mwalimu, na siku hiyo ananiuliza kama nimeona, nani kapata, katokea wapi. Mwaka jana aliniuliza, na wewe yako iko wapi? Nikamwambia sijamaliza. Akasema haya.

Mwaka huu nimemaliza. Riwaya, kurasa 214, kuna mchapishaji Dar ameomba kuuona mswada wa karatasi. Nikampelekea Mama faili jumatatu, akaprinti kwa rimu aliyoitoa sandukuni siku hiyo hiyo, akaisikiliza kwanza, halafu badala ya kuifunga spairo akavaa miwani akaanza kufunua ukurasa mmoja mmoja anaangalia namba. Wateja wanasubiri. Nikamwambia mama mashine haikosei namba, akasema mashine haikosei ila inaruka. Alipofika 87 akasimama. Ukurasa wa 88 ulikuwa mweupe kabisa, wino haukugusa. Akauprinti upya, akauweka mahali pake, akaendelea mpaka 214, ndo akatoboa, ndo akafunga. Kava la mbele akaweka plastiki ngumu ambayo sikuiagiza.

Zamani bahasha zangu zilikuwa zinapokelewa Ubungo, siku hizi ni stendi ya Magufuli pale Mbezi, unampa kondakta, unaandika namba ya mpokeaji juu, unalipa, unakariri namba za basi. Asubuhi ya jumanne saa 11 na nusu bado giza nilimkuta Mama stendi, amejifunga kanga mbili kwa baridi, amekuja na nailoni nene, maana alisema bahasha ya kaki haitoshi, mle kwenye buti la basi watu wanapakia kabichi mbichi na zinatoa maji. Tukaifunga hapo hapo kwenye taa ya basi, yeye kashika pembe, mi navuta selotepu.

Kwa hiyo nampa nyota nne na nusu, ile nusu ni ya flashi na kile kioo. Anafungua saa 2 asubuhi, anafunga saa 12 jioni, jumapili saa 4 mpaka saa 8. Mkienda wiki hii wahini mapema, vijana wa chuo wameanza ripoti.